Chokaa, mchora mistari anayesubiri jibu la golikipa wake

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, uwanja namba moja bado haujaonekana. Kuna ukungu, kuna harufu ya majani mabichi, na kuna mlio wa gurudumu linalodai mafuta. Kisha mstari mweupe unajitokeza taratibu ndani ya ukungu, na nyuma yake mwanamume mwembamba anasukuma toroli la chokaa, akinyata kama anayepita chumbani kwa mtoto aliyelala.

Hapa klabuni kila mtu anamwita Chokaa. Ana umri wa miaka hamsini na minane, na kwa miaka kumi na mmoja sasa ndiye anayechora mistari ya viwanja vitatu vya klabu hii ya soka la vijana. Kucha zake nyeupe, nyusi zake nyeupe. Mkewe, ambaye ni fundi cherehani, humtania kwamba huzeeka kila Jumamosi, halafu Jumapili akioga anarudi kuwa kijana.

"Watu wanadhani mstari unachorwa na toroli," anasema bila kusimama. "Toroli linapaka tu. Mstari unachorwa na kamba."

Kamba yenyewe ni ya katani, ndefu, imeviringishwa kwenye kipande cha mti kilicholainika kwa kushikwa. Katika kamba hiyo ameshonea vipande vya vitambaa. Akifika kwenye kitambaa chekundu anajua hapo ndipo mwisho wa boksi la uwanja mkubwa, lile ambalo wapenzi wa soka huliita kumi na nane. Kitambaa cha njano ni cha uwanja mdogo wa watoto, ambako boksi ni yadi kumi na nne tu, ingawa nalo wenyewe huliita kumi na nane kwa heshima.

Leo ni Jumamosi ya kwanza ya ligi. Katika mfuko wa shati lake kuna karatasi iliyokunjwa mara nne. Ni fomu ya uhamisho ya binti yake, na isiposainiwa na kupelekwa kabla ya saa sita mchana, usajili unafungwa na haitakuwa na kazi tena.

"Ameniambia nisimuulize," anasema. "Amesema, baba, jibu utalipata Jumamosi. Basi Jumamosi ndiyo hii, na mimi sijaambiwa kitu wala sijauliza."

Binti huyo ni kitinda mimba wake, ana miaka kumi na miwili, na ni golikipa. Wenzake wamempa jina la Komeo. Alizaliwa tarehe kumi na tisa Desemba, na tarehe hiyo, ambayo nyumbani ilikuwa sababu ya furaha, uwanjani ilimtesa tangu mwanzo. Umri wa wachezaji ulikuwa ukihesabiwa kuanzia Januari. Mtoto wa Desemba alijikuta kundi moja na waliomzidi karibu mwaka mzima, wenye miguu mirefu na viganja vipana.

Msimu uliopita alipewa jezi ya golikipa ya rangi ya chungwa, ndogo kuliko zote stoo, na bado mikono ya jezi ilimfika kwenye ncha za vidole. Akawa anaikunja mara mbili na kukaa benchi. Timu yake ilicheza mechi ishirini na mbili. Yeye alicheza dakika arobaini na moja.

Dakika hizo baba yake anazikumbuka moja moja, japo hakuziona zote. Chokaa ana desturi yake: kipenga cha kuanza kikilia, yeye huondoka kwenda kuandaa uwanja unaofuata. Anasema hawezi kutazama watu wakikanyaga mistari yake. Ukimbana kidogo anakiri kwamba asichoweza kutazama ni mtoto wake akiwa amekaa.

Kisha wakubwa wa soka wakaingia.

Ligi za juu za vijana hapa ni mbili. Zamani ilikuwa moja, mpaka viongozi walipotofautiana, nusu wakatoka na kuanzisha ya kwao. Tangu hapo zinagombania klabu, zinagombania waamuzi, zinagombania hata viwanja vyenye kivuli. Mwaka huu ligi mpya, ambayo ndiyo ya klabu ya kina Chokaa, ilitangaza kwamba umri utahesabiwa kuanzia Agosti, ili watoto wa darasa moja shuleni wacheze pamoja. Ligi kongwe ikasema haitoki kwenye Januari yake ng'o. Wakubwa walitoleana maneno redioni wiki nzima. Waliohama makundi ni watoto.

Timu ya kina Komeo ilikuwa ipande pamoja, iingie uwanja mkubwa, timu ya watu kumi na mmoja, goli kubwa la watu wazima. Walikuwa wameusubiri mwaka mzima. Hesabu mpya ikaikata katikati: waliozaliwa Agosti hadi Desemba wakabakizwa uwanja mdogo, wachezaji tisa kila upande, pamoja na wadogo wanaopanda kutoka chini. Wasichana tisa, wakiwemo baadhi ya wale waliobakizwa, wakaona afadhali wahamie klabu ya ng'ambo ya mji inayocheza ligi kongwe. Kule Januari bado ni Januari, na wote wangebaki kundi moja.

Mmoja wa walioondoka ni rafiki yake Komeo, msichana aliyezaliwa Mei ambaye hutembea naye sana mpaka watu wakamwita Pacha. Ndiye aliyeileta fomu.

"Alipita nyumbani jioni, akaiweka mezani kama anaweka yai," Chokaa anasimulia. "Mwanangu akalia. Akasema, huku nimekariri darasa, na kule wapo watu wangu. Mimi nikaikunja fomu, nikaihifadhi."

Alilokuwa nalo moyoni lilikuwa zito. Klabu ya ng'ambo tayari ina magolikipa wawili, tena warefu, na Komeo angekuwa wa tatu. Hapa kocha ameshamwambia atasimama golini tangu mechi ya kwanza. Chokaa anataka abaki. Ila amejiapiza kutomwambia, kwa sababu mtoto akibaki kwa ajili ya baba yake, anasema, kila bao atakalofungwa litakuwa la baba.

Siri hiyo ilimponyoka wiki mbili zilizopita, na haikupitia mdomoni.

Ilikuwa mechi ya majaribio. Usiku wa kuamkia siku hiyo Chokaa aliota ile ndoto yake ya siku zote. Anachora mstari, mstari haukatiki, unatoka nje ya uwanja, unashika njia, unapita mbele ya nyumba zilizofungwa, na kule mwisho kuna goli kubwa jeupe na mwanawe amesimama katikati, mikono ya jezi ikimtosha. Aliamka na furaha, akabeba kamba, akaenda kuchora uwanja mdogo huku mwili uko pale na akili bado iko ndotoni. Kitambaa cha njano kilikuwa kimechakaa na kupauka kwa chokaa, karibu kifanane na kamba yenyewe. Mikono ikasimama kwenye chekundu.

Mwamuzi alipopiga hatua zake alikuta boksi la watu wazima ndani ya uwanja wa watoto. Mechi ikacheleweshwa dakika arobaini. Wazazi, ambao kwa utani hawajambo, wakaanza.

"Mzee amempanulia mwanawe sebule," mmoja akasema.

"Angeachiwa kidogo zaidi, binti angedakia katikati ya uwanja," akasema mwingine.

Chokaa hakuwa na pa kujificha. Alileta ndoo na ufagio, akaanza kufuta mbele ya watu wote. Alipoinuka ili avute kamba upya, upande wa pili ulikuwa umeshashikwa. Komeo alikuwa amechuchumaa kwenye nguzo ya goli, kamba kaibana kwa vidole viwili, mikono ya jezi imekunjwa.

"Baba, ulikuwa unanichorea mimi?" akamuuliza.

"Nilikosea," baba akajibu.

"Najua umekosea. Nimeuliza kama ulikuwa unanichorea mimi."

Chokaa akatikisa kichwa kukubali. Walimaliza kuchora pamoja. Siku hiyo Komeo alidaka mechi nzima kwa mara ya kwanza, akafungwa mabao mawili, akaokoa ambayo hakuna aliyeyahesabu. Baba yake alikuwa uwanja wa tatu, akijifanya ana shughuli na bendera za kona.

Sasa ni saa moja, na ukungu umeanza kuinuka. Chokaa amemaliza uwanja mkubwa, anahamia ule mdogo. Ukiuangalia vizuri, mistari ya lile kosa bado ipo, myeupe kwa mbali chini ya majani, boksi kubwa la kivuli likiwa limelizunguka boksi dogo.

"Makosa haya huwa hayafutiki," anasema. "Unamwagia maji, unafagia, yanabaki yanakuangalia mpaka nyasi ziote upya."

Anachomeka kigingi kwenye nguzo ya goli, anaanza kuviringua kamba akirudi kinyumenyume. Anakitafuta kitambaa cha njano kwa vidole zaidi ya macho, kama alivyozoea; kule uwanja mkubwa, gizani, vidole vilitafuta chekundu tu. Kisha anasimama. Anarudi hatua moja, anaisogeza kamba karibu na uso.

Kitambaa cha njano hakipo. Mahali pake pameshonwa kitambaa kipya cha rangi ya chungwa, kikubwa, cha kuonekana hata na mtu aliyetoka ndotoni. Mishono ni midogo na imepangwa sawasawa, ya cherehani. Mbele kidogo kuelekea golini, panapoishia kile kiboksi kidogo cha ndani, kipo kingine kama hicho. Ni pindo za mikono ya jezi.

Chokaa anakaa chini kwenye umande, kamba ikiwa mapajani. Anapitisha kidole juu ya mishono.

"Mke wangu alijua. Juzi nilisikia cherehani inalia, nikauliza ni nguo ya nani, akaniambia ya mteja mmoja msumbufu."

Mteja huyo anafika saa mbili, begi mgongoni, na jezi ameshaivaa. Mikono ya jezi inaishia kwenye vifundo vya mikono yake, sawasawa, kama aliyepimwa. Anamwamkia baba yake, naye anaitikia, kisha wote wawili wanaitazama kamba kana kwamba ndiyo inayotakiwa kuzungumza.

"Hutakosea tena," Komeo anasema.

"Na Pacha je?"

"Pacha nitamwona shuleni kila siku. Kule ningekuwa namwona nikiwa nimekaa." Anatoa glavu begini. "Nimelia tayari, baba. Usinilize tena."

"Hukubaki kwa ajili yangu?"

"Nimebaki kwa ajili ya goli. Wewe umo humo humo tu."

Chokaa anacheka, kicheko cha kwanza asubuhi hii, na chokaa ya kwenye nyusi inamdondokea mashavuni. Anatoa ile fomu mfukoni. Umande umeipata, maandishi yameanza kuchanganyika. Komeo anaichukua, anaikunja mara ya tano, anaisukuma chini ya gurudumu bovu la toroli lililokuwa likiyumba. Gurudumu linatulia.

Saa tatu kipenga kinalia. Kwa miaka kumi na mmoja huu ndio wakati wake wa kuondoka, na toroli lake lipo tayari, limeelekezwa uwanja wa tatu. Kocha anamtazama. Wazazi wanamtazama, mmoja anamsogezea kiti cha plastiki bila utani wowote. Chokaa anakaa, mikono kati ya magoti, mgongo umenyooka kama aliyekuja kusailiwa kazi.

Akiulizwa anataka nini baada ya hapa, hana mipango mikubwa. Anataka kamba mpya, maana hii inaanza kulegea. Anataka zile ligi mbili zikae meza moja, ingawa hilo analisema huku akitabasamu. Na anataka msimu ujao ufike, Komeo apande uwanja mkubwa kwa haki yake.

"Nimeshamwambia mama yake asitupe vipande vilivyobaki," anasema, macho yakiwa golini. "Mwakani natoa kile chekundu, naweka cha kwake."

Mpira wa kwanza unapigwa kutoka mbali. Komeo anatoka, hatua mbili, tatu, anaudaka kifuani na kusimama, vidole vya miguu vikikaribia kugusa mstari wa boksi. Anauangalia mstari, kisha anamwangalia baba yake. Safari hii baba yake anamwona.