Mama Vitamini wa Kizwite

Urbano alipoondoka kwenda Tunduma, biashara ilikuwa imefunguliwa kwa kila mwenye miguu. Miaka ile sukari, mafuta ya kula na mitumba vilivuka mpaka mchana kweupe, na wanaume wengi wa Sumbawanga waliacha majembe wakaenda kujaribu bahati. Mwanzoni alikuwa akirudi kila msimu na khanga ya mkewe na sabuni ya kunukia. Baadaye zikawa zinakuja salamu tu, kwa midomo ya madereva. Mwisho salamu nazo zikakoma, watu wakaanza kumwambia Otilia, kwa ule upole unaoumiza, kwamba mumewe ana mji mwingine huko.

Otilia hakumfuata. Alikuwa na nyumba ya tofali za kuchoma pale Kizwite, na chini yake, kando ya kijito, bustani. Binti yao wa pekee, Josefina, alikuwa ameolewa Mpanda. Basi mama akabaki na matuta yake ya chainizi, figiri, mnafu na karoti. Alimwagilia alfajiri kabla ukungu haujainuka, vidole vikifa ganzi kwa baridi ya Ufipa, kisha akajitwisha tenga kwenda sokoni. Jioni alisonga ugali wa ulezi wa mtu mmoja, akala kwa mboga iliyobaki.

Jumapili moja baada ya misa, Nesi Jane wa hospitali ya mjini aliongea na kina mama wa parokia juu ya kansa ya matiti. Aliwaambia ugonjwa huo upo hata huku, wasidhani ni wa watu wa mbali, akawaeleza namna ya kujikagua. Kisha akagusia chakula. Alisema wataalamu bado wanachunguza, ila huenda wanawake wanaokula mboga na matunda ya kutosha, vyenye vitamini, wakaupata kwa uchache kuliko wengine. Alisema huenda. Akaongeza kwamba hakuna chakula kinachomhakikishia mtu. Lakini neno huenda ni jepesi. Lilipeperuka kabla kina mama hawajafika mlangoni. Kilichofika majumbani ni kwamba mboga inakinga kansa.

Aliyeeneza habari hiyo zaidi ni Redempta, kiongozi wa jumuiya, jirani ya Otilia na rafiki yake tangu walipokuwa wasichana wakifundishwa komunyo pamoja. Alisimama mbele ya meza ya Otilia pale sokoni akawaambia wanawake wanunue, kwani huyu ndiye mama vitamini wao. Jina likashika. Watoto waliotumwa mboga waliambiwa nenda kwa Mama Vitamini. Wake za watumishi wa serikali walitoka Katandala kumfuata yeye. Otilia hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini jina lile lilimpendeza kuliko alivyoonyesha. Tangu Urbano aondoke alikuwa mama Josefina asiye na Josefina, na mke asiye na mume. Sasa alikuwa mtu fulani, na watu walimtafuta.

Kisha, akioga nyuma ya nyumba, mkono wake ukakutana na kitu kwenye titi la kushoto. Kilikuwa kigumu kama kokwa la pichi, na hakikuuma. Alisimama na povu mwilini mpaka maji yakapoa.

Hakumwambia mtu. Angesema nini? Kwamba Mama Vitamini ana uvimbe? Alijiambia labda hakula mboga za kutosha, kwamba miaka yote aliuza zilizo nzuri akajibakizia zilizonyauka. Akaanza kula bila mpango. Alitafuna karoti mbichi shambani, akanunua machungwa yaliyoletwa na malori, na kwenye mojawapo ya maduka ya dawa ya watu binafsi, ambayo yalikuwa yamechipuka kila kona, akachukua vidonge vya vitamini ndani ya chupa nyekundu. Muuzaji hakumuuliza vya nini. Mvua zikanyesha, palizi ikapita, vidonge vikaisha akanunua vingine. Kile kitu hakikuondoka. Ngozi juu yake ikaanza kubonyea.

Redempta ndiye aliyegundua. Alikuwa akimsaidia kujitwisha tenga, mkono wake ukampiga kifuani, Otilia akajikunja. Ikabidi aseme. Redempta alimtazama, na Otilia alitegemea kwamba atamshika mkono.

"Lakini wewe si ndiye unayekula mboga?" Redempta akauliza.

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu aliyeona ukuta aliouegemea ukiyumba. Ila Otilia hakulisahau swali lile, wala sauti yake.

Hospitali ya mjini ikampa rufaa ya Mbeya. Alipanda basi peke yake. Redempta alisema angemsindikiza kama si kipaimara cha mtoto wake, na Josefina alikuwa amejifungua siku za karibuni. Kwenye basi alimwangalia kila aliyeketi karibu naye akitamani amuulize anakokwenda. Walipofika Tunduma basi lilisimama sana. Otilia hakushuka. Alivuta khanga usoni, asije akamwona Urbano, au Urbano asije akamwona.

Huko Mbeya walikata kinyama wakapima, kisha wakaondoa titi lote. Wodini wagonjwa wengine walikuwa na ndugu waliolala chini ya vitanda na kuwapikia uji. Yeye uji wake aliletewa na mwanamke wa kitanda cha pili, alipokumbuka. Siku ya kuruhusiwa, daktari alipomaliza kumweleza dawa za kumeza na siku za kurudi, Otilia hakuinuka.

"Daktari, nilikosa kula nini?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Hukukosa kitu, mama. Wodi hii ina waliokula vizuri na waliokula vibaya. Mboga ni njema kwa mwili, endelea nazo. Lakini ugonjwa huu hauombi ruhusa jikoni. Kosa ni moja tu, ulichelewa kuja, ila uvimbe tumeuwahi kabla haujawa mkubwa zaidi."

Otilia alilia pale pale, si kwa titi. Alilia kwa sababu alikuwa amejishitaki kwa miezi mingi na hakuna aliyewahi kumwambia hana kesi.

Aliporudi Kizwite aliikuta bustani imeota magugu. Alilima kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa bado mzito, mpaka akawa na mafungu ya kutosha kurudi sokoni. Watu walimsalimia vizuri. Wakampa pole, wakapita, wakanunua meza ya pili. Hakuna aliyemwambia kitu. Alikuja kusikia kwa kupitia pembeni kwamba inasemwa mbolea ya chumvichumvi ndiyo iliyomletea, imo kwenye mboga zake. Kama yeye aliyezila kila siku zimemfanya vile, wao je? Kwenye jumuiya wengine walisema mficha maradhi kifo humuumbua, wakimaanisha alivyonyamaza. Redempta alimtuma mtoto na bakuli la maharage, mara mbili tatu. Mwenyewe hakuingia ndani.

Jina la Mama Vitamini halikutamkwa tena. Otilia alishangaa jinsi lilivyomkosesha usingizi kuliko kidonda. Jioni aliwamwagia nguruwe wa jirani figiri lake, akarudi kwenye nyumba ambayo sauti pekee ilikuwa ya mwiko wake mwenyewe. Kuna siku alijikuta akisema hodi mlangoni alipoingia, na hapakuwa na wa kuitikia.

Hali ikiwa hivyo, lori la mpunga likamshusha barabarani mwanamke wa Kisukuma kutoka Mtowisa, kule bondeni, na mumewe. Waliuliza njia mpaka wakafika. Mwanamke aliitwa Minza, mdogo kwake kwa miaka mingi, mrefu, shuka begani. Mumewe, Masalu, akabaki uani akitazama matuta. Minza alisema amesikia kwa dereva kwamba huku juu yupo mama aliyekatwa titi na anatembea. Yeye naye ana uvimbe. Wakwe wanasema ukikatwa unakufa mezani, na Masalu hajui amsikilize nani.

"Mama, naomba nione," akasema.

Hakuna aliyewahi kuomba. Otilia alifunga dirisha akafungua blauzi. Minza hakugeuza uso. Alikitazama kile kifua kilicholala, lile kovu refu, kisha akanyoosha kidole akaligusa taratibu.

"Linauma?"

"Siku za baridi. Na huku ni baridi kila siku."

Wakacheka kidogo wote wawili. Minza akauliza kama alikula dawa ya kienyeji, kama alikula vidonge vya vitamini. Na yeye alikuwa amevinunua. Otilia akamwambia ale tu kama anapenda, lakini asivisubiri vifanye kazi ya daktari, kwani yeye alivisubiri masika nzima. Kisha wakamwita Masalu ndani, na Otilia akamweleza mwenyewe.

Minza na mumewe walikwenda Mbeya. Mpunga ulipovunwa, dereva yule yule alileta habari kwamba Minza amekatwa, yuko nyumbani, na anataka Otilia ashuke bondeni. Alishuka, lori likilia breki kwenye kona za mteremko, joto likimpokea kama pumzi ya mtu. Alikaa kwao, akanywa maziwa ya mgando, akalianika kovu lake juani bila kumficha Minza. Walikuwa hawana mengi ya kuzungumza, wala hawakuyahitaji. Halafu mvua zikakaribia kuikata barabara, ikambidi apande tena.

Hawakuonana mara nyingi baada ya hapo. Wateja, wao, walirejea mmoja mmoja, kwa kuwa chainizi yake ilikuwa nzuri na watu husahau walichokiogopa. Walimwita mama mboga, kama wanavyoitwa wote. Asubuhi moja Redempta alisimama mbele ya meza, akachagua fungu, akaligeuza, akachagua jingine. Ilionekana ana neno.

"Leo baridi," akasema.

"Baridi," Otilia akaitikia, akamfungia mboga yake.

Redempta akangoja kidogo, kisha akaenda zake. Otilia alimtazama mpaka alipopotea kati ya watu, akarudi kunyunyizia maji mafungu yaliyobaki.