Lundo la Majani Kaloleni

Nywele za binti yangu wa pili zilianza kugeuka rangi mwaka ule wa njaa, mwaka wa mahindi ya manjano ya msaada. Zilikuwa nyeusi na nzito. Zikawa nyepesi, nyekundu-nyekundu, kama nyasi zilizochomwa na jua. Miguu ikavimba. Alikuwa na miaka miwili na alikuwa ameacha kutembea. Kilichonitisha zaidi ni kwamba hata kulia aliacha. Ungemweka kwenye mkeka asubuhi, ungemkuta pale pale adhuhuri, anatazama ukuta.

Kliniki, nesi alimbonyeza mguu kwa kidole gumba akanionyesha shimo lililobaki.

"Huyu si mgonjwa wa kupewa dawa, mama," akasema. "Mpe maharagwe, mboga za majani, maziwa. Ukipata yai, mpe yai."

Aliongea polepole, bila dharau, kama anayemwelekeza mgeni njia. Nikaitikia "ndio, sista" kwa kila neno. Nilipotoka nje nikaketi kwenye ngazi nikimfunga mtoto mgongoni.

Nyumbani tulikuwa tunakula ugali wa yale mahindi kwa chumvi. Masika yalikuwa yamepita bila mvua, na mboga sokoni zilikuwa za wenye nazo. Mume wangu alikuwa kibarua Industrial Area, akipakia marobota ya vitambaa, mpaka siku robota moja lilipomwangukia nyonga. Kibarua hana kadi ya ajira. Kesho yake mtu mwingine alikuwa amesimama mahali pake. Tangu hapo alishinda kitandani, ameugeukia ukuta, mkongojo aliopewa hospitali ukiwa kando yake bila kuguswa. Mimi nilikuwa nikifua nguo za watu, lakini mwaka ule watu walijifulia wenyewe.

Tulikaa chumba kimoja Kaloleni, ndani ya nyumba ya kanjo, yaani ya halmashauri ya jiji, aliyopanga mfanyakazi wa reli aliyetoka magharibi. Mkewe ndiye aliyetupangisha. Nyuma ya nyumba palikuwa na kipande cha ardhi, hatua sita kwa tatu. Nilipomwomba mama mwenye nyumba nilime pale, alicheka kwa huruma.

"Lima, mwanangu. Lakini hapo hata magugu yamehama."

Alisema kweli. Ule udongo mweusi ukikauka hupasuka mpaka unaweza kuingiza mkono, na ukipigwa jembe unalia kama sufuria. Nilipanda miche ishirini ya sukuma wiki. Ikasimama wiki mbili bila kuongeza jani, kisha ikaanza kugeuka manjano, mmoja mmoja. Nilikuwa nikiimwagia maji ya kuoshea vyombo, na maji yalipita kwenye nyufa kama yanayokimbia deni.

Ndipo nikaanza kumtazama mfagiaji wa kanjo. Kila Ijumaa alikata ua wa miti ya miiba, kayaba, uliozunguka nyumba zetu, akafagia majani chini ya miti, akakusanya vyote karibu na bomba la maji akavichoma. Moshi ulikuwa ukiingia vyumbani tukakohoa nyumba nzima. Kwetu, Murang'a, mama yangu hakuwahi kuchoma jani hata moja. Maganda, magugu, mabua, vyote vilirudi shambani. Nilikulia juu ya udongo mwekundu unaootesha hata ukiudondoshea mate, nikadhani ni baraka ya mahali. Sasa nikaelewa kwamba ilikuwa kazi ya mtu.

Ijumaa moja nikamwendea kabla hajawasha.

"Nipe haya majani."

"Ya nini, mama? Una mbuzi?"

"Sina mbuzi. Nataka yaoze."

Akanitazama vizuri. Alikuwa mtu mzima, macho mekundu kwa moshi wa miaka. "Majani ni mali ya kanjo," akasema. Kisha akakirudisha kiberiti mfukoni. "Lakini kanjo haijawahi kuyahesabu. Chukua. Hata haya macho yangu yatashukuru."

Nikaanza. Nilibeba kwa gunia, safari tisa Ijumaa ile ya kwanza, binti yangu mkubwa akimwangalia mdogo wake. Kayaba ina miiba mirefu kama sindano ya kushonea magunia. Nilikatakata matawi kwa panga mpaka viganja vikawa kama vya mtu aliyepigana na nungunungu. Nikaweka tabaka la vijiti chini ili hewa ipite, tabaka la majani makavu, tabaka la nyasi mbichi, na majivu kidogo ya jiko. Mama mwenye nyumba alikuwa na kuku wanne. Akaniruhusu nifagie kibanda chao, nikatandaza samadi katikati. Jioni, soko likifungwa, nilienda kuokota majani ya kabichi na mabua yaliyotupwa, na yale yaliyokuwa bado yanafaa kuliwa nilitenga pembeni. Sitaficha hilo. Tulikula.

Wiki ya tatu nikaingiza fimbo katikati ya lundo, nikaiacha kidogo, nikaichomoa. Ilikuwa moto. Niliishika kwa mikono miwili nikasimama pale nyuma ya nyumba, na kwa mara ya kwanza tangu kliniki nilihisi kwamba kuna kitu mahali fulani kinachofanya kazi upande wangu.

Lakini estate ina macho. Asubuhi za baridi lundo lilitoa mvuke, na watu wakaanza kusema. Wengine walisema nimeficha moto. Wengine walisema mambo ya uchawi. Wanawake kwenye foleni ya bomba walininyamazia nikifika. Watoto wakampa binti yangu mkubwa jina: mtoto wa takataka. Hakuniambia, nilisikia mwenyewe.

Mume wangu naye alisikia, maana kitanda chetu kilikuwa chini ya dirisha.

"Mama watoto," akaniambia siku moja bila kugeuka. "Watu wanasema nimeoa chokora."

"Watu hawatulishi, baba watoto."

"Nilikutoa kwa baba yako kwa heshima. Nilipokuwa na miguu hukuwahi kuokota kitu chini."

"Basi inuka uokote wewe."

Neno lilinitoka kabla sijalitazama. Alivuta blanketi mpaka shingoni, mchana wa jua kali, na mimi nikatoka kwenda kugeuza lundo langu. Nilipaswa kurudi nikamwomba msamaha. Sikurudi.

Lundo lilipoingia mwezi wake wa pili alikuja bwana afya wa kanjo, kijana nadhifu, kaunda suti ya kijivu, daftari kwapani. Mtu alikuwa amepeleka habari kwamba nafuga panya. Akalizunguka lundo akiwa ameziba pua, ingawa halikunuka. Lilikuwa na harufu ya msitu baada ya mvua.

"Hii ni nini?"

"Ni majani, bwana. Nataka mbolea. Panya hawali majani."

Akasogeza kiganja karibu, akakirudisha haraka. "Ina moto hii! Unataka kuunguza nyumba za kanjo?"

"Ni joto la kuoza tu. Linapoa lenyewe. Nipe mwezi mmoja, itakuwa udongo, hutaiona tena."

"Jumatatu," akasema, akiandika. "Jumatatu nisiikute. Nikiikuta, lori litaizoa, na mwenye nyumba atajibu kwa nini ana mpangaji ambaye hajaandikishwa."

Nilimfuata mpaka barabarani. Nikamwambia habari za mtoto, miguu, nywele. Nikataka kumleta amwone. Alisimama, na nadhani alisikia, maana alitazama viatu vyake. "Mama, mimi natumwa tu," akasema. Akaenda.

Ilikuwa Alhamisi. Mama mwenye nyumba hakunifokea. Alisema tu, "Mwanangu, mume wangu hatakubali kupoteza nyumba hii kwa majani." Ningelipeleka wapi? Lundo lilikuwa limenifika kifuani. Nilipolichimba kidogo, majani bado yalionekana majani na vijiti bado vilikuwa vijiti.

Jumapili nilienda kanisani na watoto wote wawili, mdogo mgongoni. Sikuomba kwa maneno. Niliketi tu. Tulipokuwa tukirudi, binti yangu mkubwa ndiye aliyeona kwanza.

"Mama, moshi."

Nikakimbia. Mama mwenye nyumba alikuwa nyuma ya nyumba akipiga moto kwa gunia bichi, analia "Maji! Leteni maji!" na bomba lilikuwa kavu tangu asubuhi. Upande mzima wa lundo ulikuwa unawaka, kayaba ikipasuka kama bisi kwenye sufuria. Nikamkabidhi mtoto kwa dada yake. Nikachukua karai, nikachota udongo, nikatupa. Nikachota tena. Majirani wawili waliokuwa wakininyamazia walikuja na majembe, sikuwaita. Tukaurushia ule moto udongo mpaka ukabaki moshi mzito wa manjano.

Niliinama juu ya jivu. Nilinusa mafuta ya taa.

"Nani?" nikauliza. "Nani amefanya hivi?"

Mama mwenye nyumba alitazama chini, nami nikatazama alipotazama. Kutoka mlango wetu mpaka kwenye lundo, kwenye vumbi, palikuwa na alama za duara, moja baada ya nyingine, na kando yake mburuzo wa mguu. Zilikuwa alama za mkongojo.

Mume wangu alikuwa ameketi kitandani, nguo zake za Jumapili mwilini, amekaa wima kama anayesubiri kuhukumiwa.

"Ni mimi," akasema kabla sijafungua kinywa. "Afadhali lichomwe na mtu wa nyumbani kuliko kuzolewa na lori watu wakitazama."

"Miezi yote hii hukuweza kufika chooni peke yako. Leo umeweza kufika pale."

"Leo niliweza."

"Ungeweza kwenda kushika panga. Ungeweza kukaa na mtoto. Ukaweza hili."

"Ulikuwa umebaki na kitu unachokitazama," akasema. "Mimi hukunitazama tena."

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, mkono uliinuka. Mlangoni alisimama binti yangu mkubwa, amembeba mdogo wake aliyekuwa mkubwa mno kwa kubebwa naye, na wote wawili walikuwa wametulia wakinitazama. Nikaushusha mkono. Nikachukua jembe nikatoka.

Nilichofanya baadaye sikukipanga. Nilianza kuchimba lundo kutafuta kama kuna kilichobaki, na nikakuta kwamba moto ulikuwa umekula ngozi tu. Ndani palikuwa pamelowa mno kuweza kuwaka. Chini ya jivu na udongo kulikuwa na kitu cheusi, kizito, kinachofinyangika mkononi kama unga uliokandwa, na minyoo ndani yake. Mbolea haikuwa imeiva yote. Lakini haikuwa imeungua.

"Zika," nikajisemea kwa sauti. Kama Jumatatu bwana afya hataki kuona lundo, asione lundo.

Nikachimba mahandaki matatu, urefu wote wa kile kipande. Udongo ulikuwa mgumu hivi kwamba kila pigo la jembe lilirudi mabegani. Mama mwenye nyumba alivua kanga yake ya kanisani, akafunga kiuno, akaanza kubeba kwa karai. "Nyinyi watu wa milimani mtaniua," akasema, akabeba. Alasiri mume wangu akatoka nje. Alijishusha ardhini taratibu, akinyoosha mguu ule mbovu mbele, akavuta kwake vijiti vya kayaba ambavyo havikuwa vimeoza, akaanza kuvikata vipande vifupi kwa panga. Sikumwangalia. Mpaka jua linazama tulikuwa tumemwaga vyote ndani ya yale mahandaki na kufunika kwa udongo, na nikaukanyaga kwa miguu yangu.

Bwana afya alipokuja akakuta ardhi tambarare.

"Umepeleka wapi?"

"Nimezika."

Akafunga daftari, akaenda zake.

Mvua za vuli zilikuja zimechelewa, lakini zilikuja. Maji hayakukimbilia kwenye nyufa tena, yalikaa, yakanywewa. Nikapanda kunde na terere, mchicha wa kwetu, kwa kuwa hivyo havisubiri mtu. Siku chache baadaye vilikuwa vimetoboa udongo. Nilichuma majani ya kwanza yakiwa bado madogo kama sikio la panya, nikayachemsha, nikayaponda na ugali, nikamlisha mtoto kwa kidole. Mama mwenye nyumba akawa analeta yai moja kila kuku akitaga. Kwa wiki mbili sikuona chochote. Kisha asubuhi moja sufuria ikiwa jikoni, mtoto akaanza kulia, kilio kikali cha hasira, anataka chakula. Nilitoka nje nikashika ukuta nikalia kumzidi.

Uvimbe ulishuka polepole. Alitembea tena karibu na Krismasi. Leo ni mama mwenyewe, na mguu mmoja umebaki mwembamba kuliko mwenzake.

Mimi na baba yao hatukupona hivyo. Niliendelea kuchukua majani kwa mfagiaji, sasa nikiyazika moja kwa moja, na mume wangu alikuwa akija kuyakata, amekaa chini, kila Ijumaa. Tulifanya kazi pamoja miaka mitatu katika kile kipande bila kuutaja moto ule. Nilimpikia, nilimfulia, nilimsindikiza hospitali nyonga ilipoanza kuoza. Siku za mwisho, wodini, alinishika kifundo cha mkono akaniuliza kama kunde zimetoa maua.

"Zimetoa," nikamwambia.

Hazikuwa zimetoa. Aliitikia kwa kichwa akafumba macho, na mimi nikabaki nimeketi pale na lile neno la msamaha nililopaswa kumwambia siku alipovuta blanketi, sijui nianzie wapi.