Mbuzi wa Dokta Njaa

"Nyie endeleeni kulilia bei ya majani! Mbuzi wangu wanakula nusu na hawakondi!"

Hayo aliyasema Dokta Njaa ukumbini, mbele ya maprofesa, waandishi wa habari na waziri mmoja aliyekuwa anasinzia. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Waziri naye akazinduka, akapiga, asijue anampigia nani.

Jina la Dokta Njaa alibandikwa na wanafunzi, likamkaa kama gauni la kupimisha kwa fundi. Tangu ujana wake alikuwa anachunguza jambo moja tu: mnyama akikosa chakula, mwili wake unafanyaje? Wengine hukonda wakafa. Wengine, alisema, hupunguza moto wa ndani, kama mtu anavyopunguza jiko akiona gesi inaelekea kwisha, na maisha yanaendelea. Alianza na panya, akahamia kwa sungura, akaishia kwa mbuzi. Hapo katikati mume wake alichoka kulala na mtu anayenuka beberu, akaenda zake. Dokta hakumfuata. Asubuhi ile kulikuwa na wanyama wa kupima.

Banda lilikuwa nyuma ya nyumba aliyopewa na chuo, likitumia ukuta mmoja na jiko lake. Mbuzi wa upande wa mbali walipewa chakula kamili, wa upande wa jikoni nusu. Ilitakiwa pia ipimwe pumzi yao, maana pumzi ndiyo inayosema kama kweli moto wa mwili umepungua. Lakini kipimo cha pumzi kilikufa mwanzoni kabisa, idara ikamwambia asubiri. Akasubiri huku anaendelea na mizani peke yake, na mizani ikamwambia alichotaka kusikia. Makala ikachapishwa. Uprofesa ukabaki kikao kimoja tu.

Mama yake alikuwa amehamia pale tangu utafiti unaanza, kwa sababu ya magoti. Alikuja kutunzwa.

Jumatano moja umeme ulikatika chuoni, vipindi vikaahirishwa, Dokta akarudi nyumbani mchana. Akamkuta mama amesimama kwenye dirisha la jiko na beseni la maganda ya viazi, na mbuzi wa nusu wamepanga foleni kwa adabu ambayo hata benki huioni.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nawapa hawa viumbe chakula. Kwani wewe huwasikii wanavyolia?"

"Tangu lini?"

"Tangu nimekuja. Ulidhani wananenepa kwa kukuangalia wewe?"

"Mama, hao wanatakiwa wakae na njaa! Ndiyo kazi yangu!"

"Basi ni kazi mbaya." Mama akamwaga maganda yaliyobaki. "Mimi nilikaa na njaa ili wewe usome. Sikujua unakwenda kuisomea hiyohiyo."

Dokta akatoka kwenda bandani.

Walikuwapo mbuzi wawili wa nusu waliofungiwa kizimba cha pembeni, ambako mkono wa mama haukufika. Hao hawakuwahi kuonja ganda. Akawaburuta hadi kwenye mizani, akawapima, akarudia tena. Hawakukonda. Huenda miaka yote hiyo alikuwa sahihi. Lakini mbuzi wawili, tena bila kipimo cha pumzi, wanatosha mchuzi, makala hawaitoshi.

Mkuu wa idara alimsikiliza huku anachokonoa meno.

"Nani mwingine anajua?"

"Mama tu."

"Mama anasoma majarida ya sayansi?"

"Hasomi."

"Sasa shida iko wapi, dada yangu? Kikao ni mwezi ujao. Nenda kapumzike."

"Wafugaji watapunguza chakula kwa maneno yangu, bosi. Na mbuzi wao hawana mama yangu."

"Basi jichimbie kaburi mwenyewe, mimi jembe sikuazimi."

Akajichimbia. Aliliomba jarida liifute makala, nalo likaifuta haraka kuliko lilivyoichapisha. Wafadhili wakafunga mradi. Uprofesa akapewa mtaalamu wa samaki, ambaye mama yake anaishi mbali. Wanafunzi wakaanza kumwita Dokta Maganda, na walipompita koridoni walibana vicheko mpaka akate kona.

Ombi lake lilikuwa moja: aachiwe wale mbuzi wawili wa kizimbani mpaka kipimo cha pumzi kipatikane. Akaambiwa ni mali ya mradi, wauzwe pamoja na wenzao.

Gari lilipokuja, mama alikuwa dirishani.

"Wanapelekwa wapi?"

"Sokoni."

"Watalishwa huko?"

Dokta alikwenda kufungua lango.

Mchinjaji aliyekuja na gari aliingia bandani akawabonyeza migongo mmoja mmoja kutafuta walionona, bila haraka. Wale wawili wa kizimbani ndio aliowachagua kwanza.

Shilingi elfu themanini kila mmoja.