Binti wa Gosse Aliyesahau Kuvuka

Hiske Hoekema ana mapaja kama magunia ya viazi, na ole wako umwambie. Suruali ananunua upande wa wanaume, halafu kiuno kinabaki kikubwa mpaka anakikaza kwa mkanda wa baba yake. Akitembea anainama kidogo, mikono nyuma, kama mzee anayetafuta sarafu iliyodondoka. Si ugonjwa. Ndivyo wanavyokuwa watu wa mbio za barafu, miaka mingi ya kuteleza umekunja mgongo, mwili unasahau kusimama.

Na hasira anazo. Za karibu, kama kiberiti mfukoni.

Sasa mtu wa hasira ukimweka Wylgeterp umemwonea. Kijiji chenyewe kidogo, ukipiga chafya kwa mwokaji mikate, kanisani wanakuombea afya. Na watu wake wakishapata neno la kukutania, hawaliachi mpaka ufe, na siku ya kukuzika watalirudia kidogo.

Neno la Hiske walilipata msimu uliopita. Ilikuwa mbio za mchujo, pale ukumbi wa barafu wa Heerenveen, za kuchagua wasichana watano wa kwenda kushindana nje ya nchi. Mbio hizi wanakimbia wawili wawili, mmoja njia ya ndani, mwenzake njia ya nje. Ya ndani fupi, ya nje ndefu, kwa hiyo kila mzunguko, wakifika upande ule wa mbali, lazima wabadilishane. Wa ndani anatoka nje, wa nje anaingia ndani. Sheria hiyo mtoto wa chekechea wa Wylgeterp anaijua kabla hajajua kujifuta pua.

Mwenzake Hiske siku hiyo alianguka kona ya kwanza, akabaki amekaa kwenye barafu kama mtu aliyekuja mandari. Hiske akawa anakimbia peke yake. Anakwenda, huyo, anakwenda! Ukumbi mzima umesimama. Hana wa kupishana naye, hana wa kumkumbusha. Mara ya mwisho akafika mahali pa kuvuka, akapitiliza. Moja kwa moja, njia ile ile, kichwa chini kama fahali. Akamaliza na muda mzuri kuliko wote aliowahi kupata maishani, akanyoosha mikono juu, akaona watu wameshika vichwa.

Akafutwa.

Tangu siku hiyo, akienda kununua mkate, Durk mwokaji anatoka nyuma ya meza, anashika njia kwa mikono miwili kama trafiki.

"Pita, dada, pita! Sasa upande huu. Umevuka? Haya, mkate."

"Durk, iko siku nitakupiga na huo mkate."

"Basi nunua wa jana, ndio mgumu."

Kanisani wanampisha akae upande wa pili. Dereva wa gari la maziwa akimkuta barabarani anasimama, anapiga honi, anamwonyesha kwa kidole: vuka, mama, vuka. Hiske anawaka, anatukana, na wao ndicho walichokuja kununua.

Aliyezidi wote ni bibi yake, Bibi Baukje, mama mzazi wa baba yake, Gosse. Bibi huyu alikuwa mkali wa barafu enzi zake, mbio za kijiji, mfereji ukiganda. Meno hana mengi, lakini ulimi wake haujapungua hata punje.

Mazoezi ya Hiske wala si ya mzaha. Alfajiri anamsaidia baba yake kukamua ng'ombe, halafu anapanda baiskeli kwenda Heerenveen. Kwenda upepo unampiga usoni, akirudi amegeuka, upepo nao umegeuka. Akifika anateleza asubuhi nzima nyuma ya wenzake, pua ikitoa maji, mgongo ukiwaka moto. Mchana anakula supu ya njegere nzito, ile ambayo kijiko kinasimama chenyewe, na soseji ya moshi, na mkate, na jibini, halafu anauliza chakula kiko wapi. Jioni anavaa soksi za sufu, anapanda ubao laini aliouweka ghalani, anateleza juu yake kushoto kulia, kushoto kulia, ng'ombe wanamtazama wakicheua. Kabla ya kulala anakaa mezani na jiwe la kunolea, ananoa vyuma vya viatu vyake. Vyuma hivyo havigusi mtu. Gosse aliwahi kuvisogeza tu apate pa kuweka kahawa, wakanuniana mpaka Jumapili.

Mwaka huu mambo yamekaza zaidi. Timu imemwambia bila kupepesa: mchujo wa Desemba ukikosa nafasi kwenye wale watano, tunaachana. Maana yake jezi arudishe, arudi Wylgeterp kukamua asubuhi na jioni mpaka azeeke, na Durk amshikie njia miaka yote hiyo.

Kocha wake Roelof, mtu wa mkoa wa Drenthe, mpole, maneno yake ya kupima kwa kijiko, akamwita pembeni.

"Hiske, miguu unayo. Tatizo lako liko juu ya shingo."

"Kocha, na wewe?"

"Sikutanii. Kuanzia leo, kila ukifika pa kuvuka, sema kwa sauti: Navuka! Mazoezini tu, lakini. Siku ya mbio utasema moyoni."

Basi. Kama kumpa mtoto filimbi. Uwanjani "Navuka!" Kwenye baiskeli, akitoka upande mmoja wa barabara kwenda wa pili, "Navuka!" Ghalani juu ya ubao wake, hakuna hata mahali pa kuvuka, anapiga "Navuka!" mpaka ng'ombe mmoja akagoma kutoa maziwa siku nzima. Gosse akaingia, akamtazama binti yake, akamtazama ng'ombe, akatoka bila kusema kitu. Gosse ndivyo alivyo. Neno kwake ni kama jino, halitoki bila kung'olewa.

Ikafika jioni ya Mtakatifu Nikola. Huko jioni hiyo zawadi inakuja na shairi la kukutania, halina jina la mwandishi, wanasema kaandika mtakatifu mwenyewe. Na unalisoma wewe uliyetaniwa, kwa sauti, mbele ya wote, huku unacheka. Ukikasirika umejiaibisha mara ya pili.

Hiske akapewa herufi ya chokoleti, H ya jina lake, na karatasi imekunjwa. Akaifungua, sura ikaanza kubadilika.

"Soma, mjukuu wangu," Bibi Baukje akasema, kakaa kitako kama jaji.

"Bibi, mwandiko huu naujua."

"Mtakatifu anatetemeka mkono, kazeeka. Soma."

Akasoma, meno yamekazana:

*Kuku avuka njiani, na miwani hakuvaa,*
*Ng'ombe avuka shambani, hahitaji hata taa,*
*Hiske yuko uwanjani, watu wote washangaa,*
*Njia mbili, we jamani, kwenye moja akakaa!*

Gosse akaangalia dari. Mabega yanatikisika.

"Hata wewe, Baba?"

"Na hiyo H yako," bibi akaongeza, "itazame vizuri. Njia mbili, na katikati pa kuvukia. Nilimwambia muuza chokoleti, hii kwa mjukuu wangu si peremende, ni ramani."

Hiske akasimama, kiti kikaanguka. Akatoka nje na herufi yake. Baridi ya shamba ikampokea. Akasimama pale anatafuna ramani kwa hasira, machozi yanataka kutoka, anayarudisha.

Bibi akamfuata na shali mabegani.

"Umeniaibisha," Hiske akasema.

"Nani kakuona? Baba yako na paka?"

"Nyie mnacheka. Mimi nikikosa safari hii basi, Bibi. Imekwisha. Mnajua?"

Bibi Baukje akamsogelea. Akamnyofoa kipande cha chokoleti mkononi, akakitia mdomoni, akakimung'unya.

"Tunajua. Unadhani tunalala? Baba yako juzi kamkamua ng'ombe yule yule mara mbili. Lakini mtu hawezi kusema 'naogopa' kila asubuhi kwa Durk akinunua mkate, si atachoka. Kwa hiyo tunakutania."

"Mngenyamaza tu."

"Hilo sasa unaomba muujiza, na mtakatifu ameshaondoka. Ingia ndani, pua yako imekuwa nyekundu."

Akaingia. Hasira haikuisha, ilihamia miguuni.

Siku ya mchujo, ukumbi ulijaa, kahawa na supu vinanukia, ngoma na matarumbeta ya mashabiki hayanyamazi. Wylgeterp walikuja safu nzima. Hiske akapangwa jozi ya mwisho na Maartje Klaver, msichana wa Hoorn, mrefu, mstaarabu, nywele hazijawahi kukosea. Mbio hizo zilikuwa na vuka tatu, yaani mara tatu za kubadilishana njia. Roelof akamwinamia sikioni.

"Ya mwisho wewe unatoka ndani kwenda nje. Mkilingana, yeye ndiye mwenye haki ya njia, unampisha. Na kumbuka, moyoni."

"Moyoni," Hiske akasema.

Bastola ikalia.

Vuka ya kwanza, akavuka. Safu ya Wylgeterp ikapiga makofi kama vile kashinda dhahabu. Ya pili, akavuka. Durk akavua kofia akainama. Mapaja yanawaka sasa, mapafu yanauma, Maartje yuko pale pale, hawezi kumwacha wala hawezi kuachwa. Wakatoka kwenye kona kwenda vuka ya tatu, Hiske mbele kwa urefu wa mtu, Maartje anakuja kasi upande wake. Anampita au anampisha? Hakuna muda wa kufikiri. Pale kichwa kilipokuwa kitupu kabisa, mdomo ukafanya ulichozoeshwa.

"NAVUKAAA!"

Ngoma zikanyamaza. Maartje akainua kichwa, akakosa hatua moja. Hiske akamkatia mbele, akaingia njia ya nje, akainama, akavuta pumzi aliyobaki nayo, wakamaliza. Kwa muda wa wote waliokimbia siku hiyo, Maartje wa nne. Hiske wa tano, kwa unyoya.

Ubao ukaandika jina lake. Halafu pembeni ya jina ikatokea alama: subiri, marefa wanaangalia.

"Haiwezekani," Hiske akasema. "Nimevuka! Kila mtu kanisikia!"

"Hilo ndilo wanaloangalia," Roelof akajibu.

Juu kule, Gosse akatazama saa, akasimama. Ng'ombe hawajui mchujo.

"Twende, Mama."

"Ng'ombe ni wako," Bibi Baukje akasema, anajimiminia kahawa ya chupa. "Mjukuu ni wangu. Nitarudi na Durk."

Gosse akashuka ngazi peke yake, akigeuka kila baada ya hatua chache kutazama ule ubao.

Refa akaja na kofia yake, mzee mnene, uso haucheki. Akasimama kwenye zulia la pembeni ya barafu, mbele ya wasichana wawili waliokaa wanatweta.

"Wewe ulipiga kelele."

"Ndiyo."

"Ulisema nini?"

"Nilisema navuka."

"Unamwambia nani?"

Hiske akatazama chini. "Mimi mwenyewe."

Refa akafikiri. Miaka yote hiyo kwenye barafu, hilo alikuwa hajalipata. Akamgeukia Maartje. Kocha wa Maartje alishafika pale, amemwekea mkono begani, na ukumbi mzima ulijua kwa nini: aliyeshika nafasi ya sita ni msichana wa timu yao. Hiske akifutwa, yule anapanda.

"Nakuuliza wewe," refa akasema. "Njia ilikuwa yako. Alikuzuia?"

"Waliona wote alivyoinua kichwa," kocha akadakia.

"Sijakuuliza wewe, bwana."

Maartje akafungua kofia ya jezi yake polepole. Nywele, kwa mara ya kwanza, zilikuwa zimekosea. Akamtazama Hiske, na Hiske akataka kusema samahani, akataka pia kumtukana kabla hajasikia jibu.

"Alikuwa ameshapita," Maartje akasema. "Nafasi ilikuwepo. Hakunizuia."

"Sasa kwa nini uliinua kichwa?"

"Nilidhani ng'ombe kaingia uwanjani."

Refa akakohoa, akakohoa tena, akageuka akaondoka haraka na mabega yake yakicheza. Kocha wa Maartje akaondoa mkono begani, akaenda kutafuta mtu mwingine wa kusema naye. Hiske akabaki anamtazama mwenzake.

"Ungeweza kusema vingine."

"Ningeweza." Maartje akajifuta uso na taulo. "Halafu wewe ungekuja Hoorn kunipiga. Nimesikia habari zako."

"Nani kakwambia?"

"Yule bibi kule juu. Kaja asubuhi, kanipa mkate wa sukari, akaniambia nisikuogope, unabweka tu."

Hiske akanyanyua macho. Bibi Baukje alikuwa anapunga kikombe, midomo yake imejaa mkate, Durk na safu nzima wakinyoosha shingo. Ile alama kwenye ubao ikazimika. Jina likabaki. Wylgeterp wakaruka, benchi likalia, na Hiske, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa amejiandalia maneno makali ya kuwaambia siku hii, akafungua mdomo akakuta anacheka na kulia kwa pamoja, pua inachuruzika mbele ya kamera.

Kamera zilipomwachia, saa nzima baadaye, akaomba simu ya Roelof. Ikaita sana. Kisha ikapokelewa, na nyuma yake mashine ya kukamulia inanguruma.

"Baba. Wamenipa. Nafasi ni yangu."

Mashine inanguruma. Halafu mashine ikazimwa, kitu ambacho Gosse hajawahi kukifanya ng'ombe wakiwa wamekamuliwa nusu.

"Baba? Upo?"

"Nipo," Gosse akasema, na sauti yake ilikuwa inakwaruza kidogo. "Ingeweza kuwa mbaya zaidi."

Hiske akakaa chini kwenye zulia, viatu miguuni, simu sikioni. Tangu azaliwe hajawahi kusikia baba yake akimsifu mtu kiasi hicho.