Mgeni wa Shangazi Vifungo

Shangazi yangu alikuwa mshonaji wa nguo. Tulimwita Vifungo kwa sababu ilikuwa shida kumkuta hana vifungo viwili vitatu mdomoni. Aliongea huku amebana meno, na bado hakuna aliyemshinda maneno. Ukimletea kitambaa kifupi, alikuuliza, "Suruali yako hii, au ya mwanao?"

Mwanawe mwenyewe, wa pekee, alikwenda mbali kutafuta kazi, kisha akawa kimya. Hilo ndilo lililokuwa donda lake, na hakulifanyia mzaha.

Siku moja, cherehani ikienda, akatema vifungo mkononi. "Jicho linanicheza."

Nani asiyejua maana yake? Jicho likicheza, mgeni anakuja. Mama yangu akamkumbatia. "Wifi, ni mwanao huyo! Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Vifungo akafagia chumba cha nyuma, akatandika kitanda cha kijana shuka jipya. Jicho likazidi kucheza, likawa jekundu, likachuruzika machozi. Mama na majirani wakasema ni machozi ya furaha yametangulia. Ujinga ule unanikera hadi leo. Hakuna aliyemwambia, hebu fumbua tulitazame.

Ilipofika hawezi tena kutunga uzi kwenye sindano, nikamburuta hospitali. Daktari wa macho akammulika, akamulika tena.

"Mama, humu mna mnyoo. Yu hai."

"Ndiye anayecheza?"

"Ndiye. Alipokuwa juu juu, chini ya utando wa jicho, kumtoa kungekuwa kazi ndogo. Sasa ameingia ndani, ameharibu pa kuonea. Nitamtoa, lakini jicho hili halitaona tena. Pole sana, mama."

Wakamtia ganzi, wakatoboa tundu dogo, wakamvuta mnyoo kwa kibano. Shangazi akaomba aoneshwe. Akakiinua kichupa walimomtia hadi kwenye jicho lililosalia. Mnyoo alikuwa mweupe, mwembamba kama uzi wa kupigia pindo.

"Kumbe mgeni ni wewe," akasema. "Umekuja, na mwenyeji hakupona."

Nesi akacheka. Nami nikatabasamu, nikidhani ni utani wake ule ule.

Bandeji ilipotolewa tukarudi nyumbani. Akapitiliza hadi chumba cha nyuma, akalikunja lile shuka, akaketi juu ya godoro tupu. Ndipo akamlilia mwanawe mbele yetu, mara ya kwanza. Alilia kwa macho yote mawili, hata lile lisiloona.