Minazi ya Nyanya Kule Pemba

Ilikuwa mwaka wa 2022. La, nimekosea, ni 2023, Kamaludin, fundi makufuli wa mtaa wa Kuze, alipoitwa ofisi ya ushuru. Alikuwa ameandika kwenye fomu kwamba hana shamba nje ya nchi. Pemba, nyanya yake alikomwachia minazi anayoikodisha, kwake ni nyumbani tu.

“Mzee, Pemba ni Tanzania, si nchi hii yetu,” karani alimfundisha, kama kwamba mzee hakujui kwao.

“Lakini kule washakata ushuru wao, mwanangu.”

“Hongera. Sasa ni zamu yetu, na faini ya kuficha.”

Kuilipa faini yenyewe kulimtaka auze ile minazi. Kamaludin alishukuru kupendwa na serikali mbili, kisha akauliza:

“Nyanya alipoipanda, huo mpaka ulikuwa wapi?”