Mteremko wa Mzee wa Skii

Nimezaliwa chini ya mlima wenye theluji na sijawahi kuigusa. Kule Nyeri theluji ilikuwa kitu cha kutazama asubuhi kabla mawingu hayajaifunika, kisha unaenda kukamua ng'ombe. Ilibidi nije Doha, mji uliolala bapa kama chapati, ndipo nikutane na mtu aliyeishi miaka yake mingi ndani ya theluji.

Niliajiriwa kumtunza baada ya goti lake kupasuliwa. Mimi ni muuguzi. Nilikuwa nakaa Al Rayyan na Wakenya wenzangu, na kila asubuhi napanda basi hadi West Bay, kwenye ghorofa alimoishi mzee huyo na bintiye, mhandisi. Kazi ya mzee ilikuwa kupanda milima na skii, zile mbao mbili ndefu za kufungwa miguuni, kisha kuteleza nazo hadi chini. Niliposikia hivyo nilicheka waziwazi. Nikamwambia kwetu husemwa, kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Alinitaka nimweleze maana yake, akafikiri kidogo, halafu akapiga meza.

"Ndiyo hiyo! Sisi tunapanda kwa ajili ya ngoma!"

Methali ya kumwonya mtu, yeye akaifanya mwaliko. Nilimpenda hapo hapo, ingawa sikumwambia, maana alikuwa na kichwa kigumu na sifa zilimlevya upesi.

Alikuwa na desturi moja iliyonikera. Kabla hatujatoka, hata kama ni kununua maziwa, alijivisha kifuani kifaa kidogo kama redio, na mimi akanivisha kingine. Ni vifaa vya wapanda milima. Theluji ikiporomoka ikamfukia mtu, kifaa chake hutoa ishara na cha mwenzake hulia, namba za umbali zikishuka kadiri unavyomkaribia. Na hamuondoki kabla hamjapimana. Basi nasimama penye lifti, mzee anapita mbele yangu, kifaa changu kinalia, nami sharti niseme, "Nakusikia." Nisiposema, hang'oki.

"Mzee, tunaenda Al Sadd kununua soksi. Nani atatufukia huko?"

"Mtu akifukiwa hajifukui," alinijibu. "Ndiyo maana hatuendi peke yetu."

Kifaa cha tatu kilikuwa cha bintiye tangu utotoni, na kilikaa kwenye droo. Hakutaka hata kukiona. Alikua akimngoja babake dirishani, na kungoja kulikuwa kumemchosha.

Yeye ndiye aliyetaka skii zitoke nyumbani. Zilisimama nyuma ya mlango wa sebule, na kila mzee alipozipangusa, binti aliona hospitali. Walizozana hadi wakapatana mbele yangu kama watu wanaouziana shamba: joto likipungua tutampeleka kusini, kwenye matuta ya mchanga, ateremke mara moja tu. Akianguka akashindwa kuinuka mwenyewe, skii zinagawiwa siku hiyo hiyo. Mzee alikubali haraka mno. Mimi niliyemfanyisha mazoezi ya kukaa na kusimama nilijua goti lile halijafika huko. Nilimwambia binti hivyo, na mzee akaninunia hadi jioni.

Hata hivyo, joto lilipopungua tulikwenda, na dereva aliyetupeleka alikuwa kijana wa Nairobi. Aliponiona nimebeba skii mgongoni hakuvumilia, akaniambia kwa Sheng.

"Buda, wasee hukuja hapa na magari kubwa. Huyu wako amekuja na mbao!"

Binti alibaki chini na dereva. Sisi tukapanda polepole, mzee akiegemea fimbo zake, mimi nikinung'unika chini ya mzigo. Huko juu nikamfunga skii, tukapimana. "Nakusikia," nikasema.

Akaenda. Alikunja magoti, akalalia kushoto, akalalia kulia, mchanga ukivuma chini yake. Mtu niliyemshika mkono asubuhi kuingia bafuni, sasa alikuwa anacheza ngoma yake! Nilipiga vigelegele peke yangu kule juu bila aibu. Halafu akapinda nyuma ya kilima kidogo cha mchanga, na hakutokea upande wa pili.

Nilishuka mbio nikizama hadi magotini. Alama za skii zilikuwa wazi mbele yangu, hata mtoto angezifuata, lakini macho yangu yalikuwa kwenye kifaa. Namba zilishuka. Nilikuwa namwomba Mungu kwa Kikikuyu.

Nilimkuta amelala ubavu bondeni, skii zimepishana, mchanga umechimbwachimbwa pale alipojaribu kuinuka. Binti alikuwa amefika kabla yangu kutoka chini, amepiga magoti, na shingoni mwake kifaa cha utotoni kilikuwa kinalia kama kifaranga. Sikujua amekitoa kwenye droo.

"Nimeshindwa kuinuka," mzee akasema bila kumtazama. "Zigawe."

Binti alimfungua skii moja, akamfungua ya pili, akampitishia mkono kwapani. Mimi akanionyesha kwa kichwa nishike upande mwingine.

"Mtu akifukiwa hajifukui, baba," akasema. "Haya, simama."

Goti nililikagua pale pale, lilikuwa zima. Skii zilirudi nyuma ya mlango na mchanga wake, na hakuna aliyetaja tena habari ya kuzigawa.

Kesho yake nilipofika kazini nilimkuta binti hajaondoka, ingawa alikuwa amechelewa ofisini. Alikuwa amesimama penye lifti, mkoba begani na kifaa kifuani, anatungoja tumpime. Mimi na mzee tukajivisha vyetu, akapita mbele yetu, vyote viwili vikalia pamoja. Mzee alimnyooshea mkanda wa kifaa, nami nikasema kwa niaba yetu wawili.

"Tunakusikia."